Mwenye Kiti

Kuna nchi moja, na wala si yako, kwa hiyo keti utulie. Ukisikia jambo humu likafanana na la kwenu, basi ni masikio yako tu, nenda hospitali wakayatazame. Nchi ninayoisema mimi haina jina. Ilikuwa nalo, lakini kila serikali mpya ilikuja na la kwake, mwisho watu wakachoka kubadilisha vibao, wakaiacha hivyo hivyo.

Wanaishi humo watu wa aina mbili. Wa kwanza wana rangi ya maji ya kunde, na kwa kifupi huitwa Wakunde. Wa pili ni weusi tii, nao huitwa Watii. Jina hilo la pili Wakunde walilipenda mno hata wakaliandika kwenye katiba, maana lilifanya kazi mbili kwa mpigo: lilitaja rangi ya mtu, na papo hapo likamkumbusha wajibu wake.

Sitaki kukuficha kitu. Mgeni akishuka uwanja wa ndege haoni tofauti yoyote. Mimi mwenyewe nimekaa huko, na kuna siku nilimsalimia mkuu wangu wa kazi nikidhani ni mfagizi. Ndiyo maana serikali, kwa hekima yake, iliweka Sufuria ya Taifa pale Wizara ya Ustawi, Upendo na Usawa. Kila asubuhi zilichemshwa kunde, na mwenye shaka juu ya rangi yake alileta mkono, ukawekwa kando ya maji yake, afisa akatazama, akatoa hukumu. Mwaka wa ukame kunde zile zile zilichemshwa mpaka maji yakapauka, na watu wengi waliamka Wakunde wakalala Watii. Yalikuwa mambo ya aibu. Mpaka leo yuko jaji mmoja ambaye hataki kuziona kunde hata kwenye sahani.

*

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Kazi ya ustawi wa jamii, kwa asiyeijua, ni kuingia nyumba za watu wenye shida na kuwaongezea. Samahani, na kuwapunguzia.

Idara ya Ustawi ya nchi hiyo ilikuwa imegawanywa kwa haki. Watoto wote waliochukuliwa na kuletwa Makao ya Watoto walikuwa Watii. Wakuu wote walioamua watoto hao waende wapi walikuwa Wakunde. Katikati walikuwepo wapishi, na hao walichanganyika, kwa kuwa moshi haubagui. Ukiuliza mbona iko hivyo, ulijibiwa kwa upole kwamba Watii wana kipaji cha kuwa na shida na Wakunde wana kipaji cha kuzitatua, na kipaji hutoka kwa Mungu.

Afisa ustawi Mtii alikuwa mmoja tu, Bi Sikudhani Mabruki, mama wa makamo, mjane, mwenye sauti ya chini na miguu iliyozoea njia za vijijini. Cheo chake kilikuwa Msaidizi wa Makamu wa Naibu. Vijana wa Kikunde walikuja kazini hawajui hata kubisha hodi kwenye nyumba ya watu, akawafundisha, wakapanda, wakawa mabosi zake. Mmoja wao bado alimwomba amwandikie hotuba, na hotuba iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa ile ya kueleza kwa nini Watii hawajawa tayari kuongoza. Bi Sikudhani aliiandika vizuri. Alikuwa na nyumba ya kulipia kodi, na wewe nawe usijifanye hujawahi.

Ingekuwa ni hayo tu, nisingekuita kuja kunisikiliza. Lakini palitokea jambo la mtoto Siwema.

*

Siwema alikuwa na umri wa miaka saba, Mtii, yatima wa baba na mama, na alilelewa na bibi yake, Bibi Havijawa, katika kijiji kinachoitwa Vikindani. Kulelewa na bibi si ajabu kwa Watii. Wala si ajabu kwao kwamba bibi na mjukuu wana utani. Bibi humwita mjukuu wa kike mke mwenzake, kwa sababu wote wawili ni wake wa babu, na babu akipita wanamgombania kwa maneno mpaka chai inapoa. Wakunde nao walikuwa na utani huo zamani. Waliuacha walipoanza kuvaa tai, kwa hofu kwamba ungewashusha hadhi.

Siku moja alifika Vikindani afisa kijana wa Kikunde, Bwana Edgari. Hakufuata watoto, alifuata vyoo, serikali ilitaka kujua viko vingapi. Alikuwa nyuma ya nyumba akichungulia shimo alipomsikia Bibi Havijawa akimwambia Siwema, "Mke mwenzangu, leo Ijumaa. Chukua ufagio ukamfagilie mume wetu."

Mume wetu alikuwa marehemu babu, aliyezikwa uani chini ya mfenesi, na kila Ijumaa mtoto alifagia majani juu ya kaburi. Lakini Bwana Edgari hakuuliza maana ya maneno hayo. Chuoni walifundishwa kwamba anayeuliza anaonyesha hajui. Aliandika taarifa, na taarifa hiyo ilisomwa wizarani watu wakiwa wameshika vifua. Ilisema kwamba mtoto wa miaka saba ameolewa na anafanyishwa usafi. Ana mke mwenza aliyekula chumvi nyingi. Mume hakuonekana; mke mkubwa, alipoulizwa mume yuko wapi, alisema amelala chini ya mfenesi na haamki.

Polisi walitumwa wakamkamate mume. Walikwenda wakarudi, wakatumwa tena, na kila mara waliambiwa yuko pale pale. Askari mmoja mwenye haya aliliamkia kaburi. Mwisho jalada likaandikwa kwamba mtuhumiwa ni sugu na hatoi ushirikiano. Siwema alichukuliwa na gari jeupe kupelekwa Makao, kwa ajili ya usalama wake, na Bibi Havijawa akabaki mlangoni ameshika kiatu kimoja cha mtoto ambacho hawakungoja akivae.

Bi Sikudhani aliposikia alikwenda kwa wakuu kueleza utani ni nini. Walimsikiliza vizuri tu. Alipomaliza wakamuuliza kama yeye ni Mtii. Akasema ndiyo, na wao wanajua. Basi, wakasema, huo ni mgongano wa maslahi, ushahidi wake haupokelewi. Maneno hayo hayo yangesemwa na Mkunde yangepokelewa, ila Mkunde hayajui. Kwa hiyo anayejua hakuruhusiwa kusema, na anayeruhusiwa kusema hakujua, na kazi ikaendelea bila kelele.

*

Kwa sheria ya nchi hiyo, mtoto aliyechukuliwa hutoka Makao kwa njia mbili. Ya kwanza, Mwenyekiti wa Baraza la Ustawi akitamka "arudi kwao", anarudi siku hiyo hiyo, na hakuna wa kupinga. Ya pili, mlezi wake wa damu akisema "ndiyo" kwa kinywa chake mbele ya Baraza, mtoto anapewa familia mpya, anabadilishwa jina, na mambo ya kwao yanafungwa kabisa. Ndiyo hiyo ikishatoka hairudi.

Mwenyekiti alikuwa Bwana Melkiori Tandala, Mkunde wa ukoo mzuri. Hakuwahi kutamka "arudi kwao" hata siku moja, alisema maneno hayo yanamletea kikohozi. Familia mpya ya Siwema ilikuwa tayari, ni ya katibu mmoja wa wizara aliyekosa binti, na jina walishamchagulia, Klarisa. Kilichobaki ni ndiyo ya Bibi Havijawa.

Wakamwita. Akaja kwa miguu, akakaa kwenye benchi, akaingizwa, akaulizwa, akasema hapana. Wakamwita tena baada ya mavuno, akasema hapana. Wakamwita wakati wa mvua, amelowa chapachapa, wakamwekea biskuti mezani, akala biskuti akasema hapana. Mara ya mwisho aliongeza kwamba anachotaka ni mke mwenzake tu, jambo ambalo liliharibu kesi zaidi. Mwaka mzima bibi huyo alikuwa peke yake mbele ya wanaume wenye miwani, na neno lake lilikuwa moja.

*

Wakati huo wafadhili wa nje, waliokuwa wakiisaidia Idara kwa magari na mahindi ya Makao, walileta ujumbe kwamba hawatatoa tena kitu mpaka pawe na uongozi jumuishi. Neno hilo lilipofika wizarani lilizua taharuki. Hakuna aliyelijua. Waziri, Mheshimiwa Dakta Adalbert Mkwezi, aliunda kamati ya kulitafuta, na kamati ikaenda kulitafuta hotelini kando ya ziwa, ikarudi imenenepa. Ilitoa taarifa kwamba jumuishi linatokana na jumla, na jumla, kama kila mwenye duka anavyojua, ni kuchukua mzigo kwa bei nafuu.

Mheshimiwa alifurahi. Alisema alikuwa na wasiwasi kwamba ni jambo gumu, kumbe anahitajika Mtii mmoja, kwa bei ya jumla.

Usiku ule ule taarifa ya habari ya redio ikatangaza kwamba Bi Sikudhani Mabruki ameteuliwa kuwa mwenyekiti wa Baraza la Ustawi. Msomaji aliisoma haraka, kati ya bei ya pamba na matokeo ya mpira. Lakini Watii waliisikia. Vigelegele vilianzia mjini vikafika vijijini, kuku walichinjwa bila hatia, na watoto waliozaliwa wiki ile waliitwa Sikudhani, wa kiume kwa wa kike. Mwenyewe alikuwa jikoni akikata kitunguu. Alilia, akakisingizia kitunguu, ingawa hapakuwa na mtu wa kumdanganya.

Alichowaza kilikuwa kimoja. Arudi kwao. Maneno mawili, na sasa kinywa cha kuyasema ni chake. Kesho yake alikwenda Vikindani, akamkuta Bibi Havijawa analifua gauni la Siwema ambalo lilikuwa safi tangu juzi.

"Shauri letu ni Jumatatu, mama," alimwambia. "Safari hii nitakuwa pale mbele. Wakianza maneno yao makubwa usibabaike. Niangalie mimi."

"Nikuangalie wewe."

"Mimi tu, mama. Nitakachokuonyesha, ndicho."

Bibi alimshika mkono, akakibusu kiganja, akamwambia kwamba mwaka mzima amekuwa akiomba Mungu apelekwe pale mtu mmoja tu anayejua mke mwenza ni nini. Kisha akamlazimisha kula.

*

Jumatatu ukumbi ulipambwa. Alikuwepo Mkaguzi wa Ujumuishi kutoka kwa wafadhili, mtu mpole mwenye kamera shingoni, aliyekuja kuhakikisha kwa macho yake. Nyuma walijaa Watii waliokuja na nguo zao za sikukuu kumwona mtu wao. Bibi Havijawa aliwekwa nje kwenye benchi kungoja zamu, na kanuni zinakataza mtu yeyote wa Baraza kuzungumza na watu wa benchi.

Bi Sikudhani aliingia, akaenda moja kwa moja kwenye meza, penye kiti cha katikati. Bwana Melkiori alikuwa amekikalia. Bi Sikudhani akasimama kando, kwa adabu, akamngoja aondoke. Bwana Melkiori alimpa mkono kwa furaha, akamuuliza hali ya nyumbani, wala hakuondoka.

Ndipo Mheshimiwa Waziri alipomshika mkono na kumpeleka mbele ya jukwaa, penye kiti kipya cha mpingo kilichochongwa maua. Kilikuwa kizuri, lazima niseme. Kilielekezwa kwa wapiga picha, kikaipa meza mgongo. Mpingo ulichaguliwa kwa weusi wake, ili Mkaguzi asipate taabu ya kumjua Mtii, na bado tangu asubuhi alikuwa amekwisha kumpiga picha Bwana Melkiori kwa kudhani ndiye Mtii.

Bi Sikudhani alisema kwa sauti yake ile ya chini kwamba pana kosa, yeye ndiye mwenyekiti.

"Hakuna kosa hata kidogo," Mheshimiwa alijibu. "Wewe ni mwenye," akavuta pumzi ndogo, "kiti. Bwana Melkiori ni mwenyekiti. Yeye hana pumzi katikati."

Bi Sikudhani akasema redio imetangaza, na watu wote wameelewa vingine. Mheshimiwa akasikitika naye. Msomaji wa habari alikuwa na haraka, akasema, pumzi ikampotea, atakatwa siku moja ya mshahara. Lakini uteuzi ni uteuzi. Kiti ni chake, hakuna wa kumnyang'anya. Anaruhusiwa kukikalia, kukiegemea, na kila mwisho wa mwezi kukipaka mafuta.

Mlango ulikuwa wazi, angeweza kutoka. Aliutazama. Lakini nje alikuwepo askari wa benchi, na akitoka hatarudishwa ndani, na Bibi Havijawa ataingizwa humu akimtafuta kwa macho asimwone. Nani atamwambia? Akaona afadhali abaki, apate nafasi ya kusema neno moja. Akakaa. Mimi kwa hilo simlaumu, na roho inaniuma nikilisimulia.

Mheshimiwa akapanda kuhutubia. "Ndugu wananchi," alisema, "leo historia imekaa. Zamani tulisema tusimame pamoja. Tulichoka. Leo tumepiga hatua, tunakaa pamoja. Wapo wanaopita mitaani wakidai Watii hawana nafasi katika uongozi wa ustawi wa jamii. Nafasi ile pale. Nendeni mkaipime. Ina upana, ina kimo, ina pa kuwekea mikono. Mnataka serikali iwafanyie nini tena?"

Bi Sikudhani akaomba kusema. Katika Baraza lile husemwa kwa kusimama, basi akasimama. Hapo hapo ukumbi ukalipuka kwa makofi. Alifungua mdomo, hakujisikia hata mwenyewe. Akangoja yapungue, hayakupungua. Akakaa, yakakatika papo hapo. Akaanza kusema akiwa amekaa, na Bwana Melkiori akamkumbusha kwa heshima kwamba hakuna anayezungumza ameketi, hilo ni kosa hata kwa Waziri. Akasimama tena, makofi yakaanza tena. Ndipo alipotanabahi kwamba safu zote za mbele ni wafanyakazi wa wizara, na wamepewa kanuni mpya: mwenye kiti akiinuka, apigiwe makofi ya heshima mpaka aketi.

Mkaguzi aliandika kwamba hajawahi kuona kiongozi anayependwa hivi. Akapangusa chozi, nami naamini lilikuwa la kweli.

*

Likaitwa shauri la Siwema. Mtoto aliletwa kwanza kwa mlango wa pembeni, ameshikwa mkono na mlezi wa Makao, amevalishwa soksi ndefu na nywele zimesukwa Kikunde. Kisha akaingia Bibi Havijawa na kanga mpya ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Alipomwona mtoto alisita.

"Shikamoo, Bibi," mtoto alisema, kama alivyofundishwa.

Bibi aligeuka kutazama nyuma yake kuona ni nani anayeamkiwa. Alipoelewa ni yeye, aliitika marahaba kwa sauti ya mtu aliyepokea kitu kisicho chake. Mwaka mmoja Makao, na utani wao ulikuwa umeponywa.

Bwana Melkiori akasafisha koo. "Wewe uliye mlezi wa damu," alisema, "je, unaridhia kwa hiari yako kwamba mtoto huyu apatiwe makazi ya kudumu yanayozingatia maslahi yake bora, kwa kadiri Baraza hili jumuishi litakavyoona inafaa?"

Katika maneno yote hayo Bibi alishika mtoto, makazi na Baraza. Hakubabaika. Alifanya walivyoagana. Alimwangalia Bi Sikudhani.

Bi Sikudhani alisimama. Makofi yakapasuka. "Kataa, mama," alisema, kisha akasema kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia maishani mwake, "kataa, sema hapana", na safu za mbele zikaongeza nguvu. Alipunga mikono miwili juu kuwanyamazisha, na kule nyuma Watii wakadhani anawapungia wao. Wakasimama wote. Wale wa mbele walipiga kwa amri, lakini hawa wa nyuma walipiga kwa moyo, na makofi ya moyo ndiyo yaliyozidi. Kulikuwa na vigelegele. Alitikisa kichwa, na machozi yakamtiririka, na jinsi alivyolia ndivyo walivyozidi kufurahi, maana walijua ni furaha.

Bibi Havijawa aliona mtu wa kwao amesimama mbele ya wakubwa wote. Aliona mikono imeinuliwa juu. Aliona Watii wenzake wanacheka na kulia. Alijua mtoto amerudishwa.

"Ndiyo," akasema.

Bwana Melkiori aligonga meza. Bibi akanyoosha mkono amchukue mtoto, lakini mlezi wa Makao alikuwa ameshageuka naye kuelekea mlango wa pembeni. Wakamwambia anakwenda kufunga vitu vyake, yeye atangulie nyumbani, taratibu zitafuata. Akawashukuru mmoja mmoja, mpaka Bwana Edgari. Bi Sikudhani alijaribu kumfuata, ila wapiga picha walikuwa wamemzunguka yeye na kiti chake, na Mkaguzi akaomba apigwe naye moja, akicheka kidogo kama ikiwezekana. Walipomwachia, benchi lilikuwa tupu.

*

Mengine yaliyofuata nayasema kwa ufupi. Magari ya wafadhili yalikuja, na mahindi. Nchi ilipewa tuzo ya ngao kwa kuwa mfano wa uongozi jumuishi katika ustawi wa jamii, na wajumbe wa nchi jirani walikuja kujifunza, wakaondoka na vipimo vya kiti. Wizara nyingine ziliiga. Maji wakapata Mtii mwenye ndoo, Elimu wakapata mwenye chaki. Jeshi nalo liliomba Mtii mmoja awe mwenye bunduki, lakini serikali ikasema kila jambo lina mipaka. Mtoto Klarisa anaendelea vizuri na anajifunza piano. Bi Sikudhani aliomba kujiuzulu, akajibiwa kwamba anaweza kuondoka wakati wowote, ila kiti hakiwezi kubaki bila mwenyewe, kwa hiyo atafute kwanza Mtii wa kumrithi. Hajampata mtu wa kumfanyia hivyo.

Nimebakiza asubuhi ya Jumanne. Alikwenda Vikindani. Bibi Havijawa alikuwa amefagia ua wote, na kaburi, na njia mpaka barabarani, na uji ulikuwa jikoni wa watu wawili. Alipomwona Bi Sikudhani anakuja alisimama, akatazama nyuma yake, njia nzima, akingoja mtoto atokeze.

Bi Sikudhani alimwambia yote. Alimweleza ile pumzi ya Waziri, kile kiti na yale makofi. Alimwambia kwamba alisema kataa, alipiga kelele, alisema hapana mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka. Sauti ilikuwa imemkauka na Bibi ilimbidi ainame kumsikia. Alipomaliza, Bibi aliuliza kama anaweza kurudi kule leo aseme hapana, alikuwa tayari kwenda sasa hivi. Akaambiwa ndiyo hairudi.

Bibi Havijawa alikaa chini kwenye kizingiti. Hakulia wala hakumtukana. Ingekuwa heri angemtukana. Alimtazama kwa huruma hasa, kama anayemtazama mwanawe mgonjwa.

"Mwaka mzima nilikuwa peke yangu, mwanangu, na nilikataa," alisema. "Jana nilikubali kwa sababu wewe ulikuwemo."